Seva ya nyumbani imewaka lakini haiunganiki: nianzie wapi?

Swali: "Nimechukua kompyuta ya mezani ya zamani nikasakinisha Ubuntu Server 24.04 ili iwe seva ya nyumbani ya kutunzia picha na faili. Usakinishaji ulikwisha bila shida, nikaandika pembeni anwani niliyoiona kwenye skrini, 192.168.1.37. Nikachomoa skrini na kibodi, nikaihamishia karibu na ruta, nikaichomeka kwa kebo na kuiwasha. Kutoka kwenye kompyuta mpakato yangu ya Windows naandika ssh na anwani hiyo, jibu ni 'Connection timed out'. Kesho yake nikajaribu tena, sasa inasema 'Connection refused'. Nilipoirudishia skrini nikakuta weusi na maandishi yaliyosimama, hakuna desktopu wala pa kubofya. Rafiki yangu anasema kadi ya mtandao imekufa wakati wa kuihamisha. Mwingine anasema nifungue poti 22 kwenye ruta. Nimeshasakinisha upya mara mbili, hali ni ileile. Nianzie wapi?"

Jibu:

Anza kwa kuacha kusakinisha upya. Katika yote uliyoeleza, sioni dalili ya kitu kilichoharibika. Mashine inawaka, inafika mwisho na kukusubiri. Unachokosa, kwa uwezekano mkubwa, ni vitu viwili: anwani iliyo sahihi leo, na huduma ya SSH (inayokuwezesha kuingia kwenye seva kwa mbali na kuipa amri) ambayo pengine haikuwekwa wakati wa usakinishaji. Ukisakinisha upya unayarudia mambo hayo hayo mawili, ndiyo maana matokeo hayabadiliki.

Nikuondolee kwanza hofu ya skrini nyeusi. Ubuntu Server haiji na desktopu. Ikimaliza kuwaka huonesha jina la seva likifuatiwa na neno "login:", basi. Ila mara ya kwanza baada ya usakinishaji kuna jambo linalowachanganya wengi: programu iitwayo cloud-init huendelea kuchapa mistari yake hata baada ya "login:" kutokea. Neno hilo husukumwa juu, na chini yake hubaki maandishi yasiyosogea, mtu akadhani mashine imekwama. Bonyeza Enter, "login:" itarudi. Pia, kama mashine iliwashwa kabla ya kebo ya mtandao kuchomekwa, inaweza kusimama kwenye mstari wenye maneno "Wait for Network to be Configured" kwa dakika mbili hivi. Iache. Muda huo umepangwa, ukiisha itaendelea yenyewe.

Sasa tuje kwenye ujumbe uliopata, kwa sababu ndio unaotueleza tatizo liko wapi, na watu wengi huupita bila kuusoma. SSH ni kama kupiga hodi. "Connection timed out" maana yake umepiga hodi na hakuna aliyeitika kabisa: hakuna kifaa kwenye anwani hiyo, au kipo lakini fayawoli, yaani kichujio cha miunganisho, inameza maombi kimyakimya. "Connection refused" ni habari tofauti kabisa, na kwa kweli ni habari njema zaidi: kuna aliyeitika akasema hapa hakuna huduma hiyo. Kifaa kipo, kimepokea ombi lako, ila kwa kawaida hakuna programu inayosikiliza kwenye poti 22, mlango wenye namba ambao SSH huutumia. Ungepata "Permission denied", ingekuwa umeshafika mpaka kwenye SSH yenyewe na kosa ni jina au nenosiri. Na "Could not resolve hostname" inahusu jina ulilolitumia badala ya anwani, yaani kompyuta haikuweza kulitafsiri jina hilo kuwa anwani.

Angalia basi kilichotokea kwako. Siku ya kwanza anwani 192.168.1.37 pengine haikuwa na mtu. Siku ya pili ilikuwa na mtu, lakini hatujui ni nani. Inawezekana ni seva yako isiyo na SSH. Inawezekana vilevile ni simu, runinga au printa iliyopewa anwani hiyo usiku, na wewe ukawa unaigongea printa mlango. Usidhani kwamba kwa kuwa kuna jibu basi ni seva inayojibu.

Kwa nini anwani ihame? Nyumbani anwani hugawiwa na ruta kupitia DHCP. Kifaa kinapojiunga, ruta hukikodishia anwani kwa muda, na kwa kawaida hukikumbuka kifaa hicho ili kikirudi kipewe ileile. Swali ni ruta inakitambuaje. Vifaa vingi hujitambulisha kwa anwani ya MAC, ile namba ya kadi ya mtandao ambayo kwa kawaida haibadiliki. Ubuntu Server, kwa chaguo-msingi lake, hujitambulisha kwa kitambulisho kinachotokana na namba ya mfumo uliosakinishwa. Mfumo ulio kwenye flashi ya kusakinishia una namba yake, na mfumo uliokaa kwenye diski una nyingine. Kadi ni moja, lakini machoni pa ruta nyingi hao ni wageni wawili, na kila mmoja hupewa anwani yake. Kwa hiyo anwani uliyoiandika yamkini ilikuwa ya kisakinishi, si ya seva. Kila ulipoanza upya ulizaliwa mfumo mwenye namba mpya tena.

Rudisha skrini na kibodi, uviache hapo mpaka kazi iishe. Haraka ya kuvichomoa ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi wa siku ya kwanza. Ingia kwa jina la mtumiaji ulilolitunga wakati wa kusakinisha. Usitumie root, akaunti ya msimamizi mkuu, kwa sababu Ubuntu huifunga akaunti hiyo. Unapoandika nenosiri hutaona herufi wala nyota. Hivyo ndivyo ilivyo, andika tu na ubonyeze Enter. Likikataliwa na una hakika nalo, fikiria mpangilio wa kibodi: alama kama @ au # zinaweza kuwa zimekaa kwenye vitufe tofauti na ulivyozoea. Jaribu kuliandika nenosiri kwenye nafasi ya jina, pale linaonekana, uone kinachotoka, kisha ulifute kabla ya kubonyeza Enter.

Ukishaingia, andika:

ip -br a

Utapata mistari michache. Wa "lo" wenye 127.0.0.1 uache, ni mashine ikijisemesha yenyewe. Tafuta mstari unaoanza na jina kama enp3s0 au eno1. Ukisoma UP na anwani kama 192.168.1.52/24, hiyo ndiyo anwani ya leo, na hadithi ya kadi iliyokufa inaishia hapo. Sehemu ya /24 usiiandike kwenye ssh.

Ukisoma DOWN, angalia taa ndogo za tundu la kebo nyuma ya mashine. Zikiwa zimezima, badilisha kebo, kisha badilisha tundu kwenye ruta, kimoja baada ya kingine ili ujue kilichotibu ni kipi. Hakikisha kebo haikuingia kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN, kwani hilo ni la kuelekea intaneti. Ukisoma UP lakini huoni anwani zaidi ya ile ndefu inayoanza na fe80, kebo ni nzima ila ruta haikutoa anwani. Mara nyingi kuwasha upya ruta kunatosha. Kama sivyo, fungua faili la mipangilio ya mtandao lililomo ndani ya /etc/netplan na ulinganishe jina la kadi lililoandikwa humo na lile uliloliona. Jina hutokana na mahali kadi ilipochomekwa kwenye ubao mama, kwa hiyo mtu akiongeza kadi ya picha au diski ya NVMe, enp2s0 inaweza kuamka ikiwa enp3s0, na mipangilio ikabaki inamsubiri asiyekuwepo. Kuhamisha mashine kutoka chumba kimoja hadi kingine hakubadilishi jina hilo.

Ukitaka kumjibu rafiki yako kwa ushahidi, andika lspci | grep -i ethernet. Kadi ikitajwa, mfumo unaiona.

Hatua ya pili ni SSH yenyewe. Kisakinishi cha Ubuntu Server huuliza kama uwekewe "Install OpenSSH server", na kisanduku chake huja bila alama. Ukipita kwa Enter mfululizo, kama wafanyavyo wengi, unamaliza ukiwa na seva isiyo na njia ya kuingilia kwa mbali. Nadhani hapa ndipo ulipo. Dawa yake ni amri mbili (neno sudo huiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi):

sudo apt update
sudo apt install openssh-server

Kisha hakiki kwamba kuna anayesikiliza:

sudo ss -tln | grep :22

Mstari wenye LISTEN ukitokea, tayari. Nasisitiza kipimo hiki kuliko systemctl status ssh kwa sababu toleo la 24.04 huwasha SSH kwa mtindo wa tofauti: mfumo wenyewe huishikilia poti, na programu ya SSH huamshwa pale muunganisho wa kwanza unapofika. Kwa hiyo unaweza kuambiwa huduma ya ssh ni "inactive" ilhali kila kitu kiko sawa. Ukitaka kuiona hali halisi kwa njia hiyo, uliza systemctl status ssh.socket.

Fayawoli ya Ubuntu, ufw, huja ikiwa imezimwa. Kama uliiwasha kwa kufuata maelekezo fulani, andika sudo ufw allow OpenSSH. Kama hukuigusa, usiiguse leo.

Sasa nenda kwenye kompyuta mpakato. Huhitaji kupakua programu yoyote. Windows 10 ina SSH ndani yake tangu matoleo ya 2018. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike ping na anwani mpya ili kuona kama seva inaitika. Majibu yakija, endelea:

ssh jina@192.168.1.52

Weka jina lako na anwani uliyoisoma wewe. Mara ya kwanza utaambiwa uhalisi wa seva hauwezi kuthibitishwa, na utaoneshwa "alama ya kidole" ya seva, yaani herufi za kuitambulisha, inayoanza na SHA256. Wengi huandika yes bila kutazama. Lakini leo una bahati ya kuwa na skrini ya seva mbele yako, basi itumie. Kwenye seva andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Herufi zikilingana na zilizo kwenye kompyuta mpakato, una uhakika unaongea na seva yako wala si kifaa kingine. Andika neno yes lote, herufi y peke yake haikubaliki. Kuanzia hapo kompyuta mpakato itaikumbuka alama hiyo. Ukija kusakinisha upya siku nyingine na anwani ikabaki ileile, utapigiwa kelele kwamba "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED". Ukijua sababu ni wewe mwenyewe, futa kumbukumbu ya zamani kwa ssh-keygen -R ikifuatiwa na anwani. Ukiwa hukubadilisha chochote, simama kwanza ujiulize nani anajibu.

Ikiwa ping haipati jibu ingawa seva ina anwani, tatizo limehamia kwenye kompyuta mpakato au njia iliyo katikati. Andika ipconfig uangalie anwani yake. Ikianza na 192.168.1 kama ya seva, mko mtandao mmoja. Ikianza na 192.168.0 au 10, huenda kuna ruta mbili ndani ya nyumba, kila moja na mtandao wake, na kompyuta mpakato iko upande mwingine. Jambo jingine la kawaida ni Wi-Fi ya wageni: ruta huwaruhusu walio humo kwenda intaneti tu, bila kuviona vifaa vya nyumbani. VPN ya kazini nayo inaweza kuchukua safari zote za mtandao. Izime ukiwa unajaribu. Na ukitilia shaka kwamba anwani ni ya kifaa kingine, andika arp -a kwenye Windows, ulinganishe namba ya MAC iliyo mbele ya anwani hiyo na ile utakayoipata kwa ip -br link kwenye seva.

Ushauri wa kufungua poti 22 kwenye ruta uukatae. Si kwamba ni wa hatari tu, hata tatizo lako hautatui. Kompyuta mpakato na seva zikiwa mtandao mmoja zinaongea moja kwa moja, hazipiti kwenye lango la kuelekea intaneti ambalo poti hiyo inafunguliwa. Ungebaki na shida ileile, na juu yake mlango ulio wazi kwa roboti zinazozunguka intaneti zikijaribu manenosiri usiku na mchana. Siku utakayotaka kuifikia seva ukiwa safarini, tumia WireGuard au Tailscale, programu za VPN, yaani za kutengeneza njia ya faragha kupitia intaneti. WireGuard ni yako mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini inahitaji ufungue poti moja ya UDP, na haitawezekana kirahisi kama mtoa huduma wako anawachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Dalili ya hilo ni ruta kuonesha anwani ya nje kati ya 100.64 na 100.127. Tailscale huvuka kikwazo hicho bila kufungua kitu, ila unaitegemea kampuni kuratibu mawasiliano. Kwa anayeanza, mimi ningechagua Tailscale.

Kuhusu desktopu, sitakukataza. Inawezekana kuiweka juu ya Ubuntu Server, na kwa mtu ambaye hatazoea amri kabisa ina nafuu yake. Lakini itakula kumbukumbu ya mashine ya zamani saa zote, hata usipoitazama, na itaongeza programu za kusasisha. Njia ya kati ni Cockpit, ukurasa wa kusimamia seva kwa kivinjari: sudo apt install cockpit, kisha kwenye kivinjari cha kompyuta mpakato ufungue https:// ikifuatiwa na anwani ya seva na :9090. Utaona diski, kumbukumbu, masasisho na hata terminali. Kivinjari kitalalamika kuhusu cheti, kwa kuwa seva imejitolea cheti chenyewe. Ndani ya nyumba yako hilo linavumilika.

Ukishaunganika, zuia anwani isihame tena. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, uifungie seva anwani moja kwa kutumia MAC yake. Napendelea njia hii kuliko kuandika anwani ya kudumu ndani ya seva, kwa sababu ukikosea kwenye ruta hujifungii nje. Ruta ikipuuza maagizo hayo, sababu ni ile ya kitambulisho niliyoieleza juu. Ongeza mstari dhcp-identifier: mac chini ya jina la kadi kwenye faili la netplan, usawa na dhcp4, kwa nafasi tupu wala si tabo. Usitumie netplan apply, tumia sudo netplan try: inakupa sekunde 120 za kuthibitisha, na usipothibitisha inarudisha mipangilio ya awali. Kwa kuwa anwani yenyewe inaweza kubadilika hapo hapo, fanya kazi hii kwenye kibodi ya seva.

Kabla hujachomoa skrini, ingia mara moja kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Ubuntu haijawaka. Tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, mara nyingi huitwa "Restore on AC Power Loss" au jina la kufanana nalo, uuweke mashine iwake yenyewe. Kompyuta za zamani nyingine hugoma kuwaka zisipoona kibodi. Humo humo kuna mahali pa kuziambia zisijali. Kisha zima kwa sudo poweroff, chomoa skrini na kibodi, washa, subiri dakika tatu, ujaribu ssh. Ikipokea, ipeleke mahali pake.

Zimebaki kazi mbili zinazoweza kusubiri wikendi. Moja ni kuacha nenosiri na kutumia ufunguo. Kwenye kompyuta mpakato andika ssh-keygen -t ed25519, kisha nakili mstari ulio kwenye faili lenye mwisho wa .pub uubandike ndani ya ~/.ssh/authorized_keys kwenye seva. Jaribu kuingia kwa dirisha jipya huku la zamani likiwa wazi. Ukifika hatua ya kuzima manenosiri kwa PasswordAuthentication no, angalia kama kuna faili liitwalo 50-cloud-init.conf ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d. Likiwa na yes, litashinda, maana SSH hufuata thamani inayoisoma kwanza, na wengi huhariri faili kubwa wakadhani wamefunga kumbe pako wazi. Amri sudo sshd -T | grep -i passwordauth ndiyo itakayokuambia ukweli.

Ya pili inahusu picha zako. Andika df -h /. Kama diski ni ya GB 500 na unaoneshwa takriban 100 tu, hujaibiwa: ukikubali mpangilio wa LVM (mtindo wa kugawa diski) wa kisakinishi kwenye diski kubwa, hutenga GB 100 na kuacha zilizobaki bila kutumika. Kama hukubadilisha majina ya kisakinishi, zichukue kwa sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv kabla hujaanza kupakia faili.

Mwite fundi aje kuitazama mashine yenyewe kama taa za tundu hazikuwaka hata baada ya kubadilisha kebo na tundu la ruta, kama lspci haiitaji kadi, kama mashine inazima ovyo, kama diski inagonga kwa mlio wa kujirudia, au kama kuna harufu ya kuungua. Hiyo ya mwisho, chomoa umeme kwanza, usiwashe tena kupima. Usifungue kisanduku cha pawa saplai hata kikiwa kimechomolewa. Ndani yake hubaki chaji inayoweza kuumiza. Kadi ikithibitika kufa kweli, adapta ya mtandao ya USB itakutosha bila kubadilisha ubao mama. Na kabla fundi hajaja, piga picha ya matokeo ya ip -br a na lspci, umtumie pamoja na maneno kamili ya ujumbe wa hitilafu kama ulivyonitumia mimi.